Tulipunguza Bei, Naye Akapunguza Safari

Kuna sentensi moja ambayo sisi wanachuo tunaipenda sana tukiwa safarini: "Kaka, sisi si Wazungu, tufanyie bei ya wenyeji." Tunaisema Bagamoyo, tunaisema Zanzibar, tunaisema kwa mwenye mtumbwi na kwa muuza vinyago. Mimi niliisema Lushoto, mwishoni mwa mwezi wa tisa mwaka jana, mbele ya kijana mwongozaji wa watalii. Ili ipate uzito niliisema kwa lafudhi ya Kisambaa niliyoiazima kwa marehemu bibi yangu. Ilifanya kazi. Bei ilishuka kutoka shilingi 160,000 hadi 110,000, nikajiona mjanja wa mjini. Makala hii naiandika kueleza kwa nini siisemi tena, na kwa nini nadhani na wewe uiache, angalau kwa watu wa kazi ile.

Tulikuwa wanne, wote tumetoka kumaliza fildi. Hela ya fildi ilikuwa imebaki kidogo, na kila mmoja alikuwa amechoka kuangalia picha za wenzake wakiwa milimani huku yeye yuko Mbagala anapigana na foleni. Mmoja anasoma sheria, mmoja uchumi, mmoja uhasibu, na mimi jiografia na elimu. Wazo la Lushoto lilikuwa langu. Wakaniuliza: tukifika tunatembezwa na nani? Nikawajibu kwa kifua: "Na mimi. Kule ni kwetu."

Sasa "kwetu" yenyewe naomba niieleze. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mlalo. Mimi nimezaliwa Temeke. Milima ya Usambara nilikuwa nimeiona mara mbili maishani, na mara ya mwisho nilikuwa darasa la nne. Lakini jina la ukoo ninalo, na maneno kama kumi ya Kisambaa ninayo, basi nikajipa uraia.

Basi lilitushusha Mombo mchana, tukaingia kwenye Kosta na kuanza kupanda. Wanaoijua barabara ile ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni wanajua jinsi inavyojikunja: ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na dereva anapiga honi kila kona kama anabisha hodi. Kadiri unavyopanda ndivyo joto la Mombo linavyobaki chini, hadi unatafuta sweta. Saa kumi jioni tulikuwa tumeshapata chumba, nikawaongoza wenzangu kwenda Irente kuangalia machweo. Bila mwongozaji. Si nimesema kule ni kwetu?

Baada ya saa moja na nusu tulikuwa katikati ya shamba la kabichi la mtu. Mama mmoja mtu mzima, jembe begani, akasimama na kunisalimia kwa Kisambaa. Nikapaniki, nikamjibu: "Marahaba, mama." Yaani mtu wa umri wa bibi yangu ananisalimia, mimi nampa marahaba kama vile ameniamkia. Wenzangu wananicheka mpaka leo. Mama wa watu hakucheka wala hakukasirika. Alituuliza kwa Kiswahili tunamtafuta nani, akatuonyesha njia ya kurudi mjini, na jua likazama tukiwa bado tunakata vichochoro vya mashamba. Hayo ndiyo machweo yetu ya kwanza ya Lushoto.

Kesho yake asubuhi, uraia wangu ukiwa umeisha, tukaenda kwenye kiofisi cha waongozaji. Tukampata kijana mmoja, wa umri wetu au anatuzidi miaka miwili mitatu. Akatupangia siku: kuondoka saa moja asubuhi kwa gari, kutembea kwa miguu ndani ya msitu wa Magamba, kupita Lukozi kwenye mboga na kula chakula cha mchana hapo, halafu kwenda hadi Mtae, mwisho wa milima, na kurudi jioni. Watu wanne, gari letu wenyewe, yeye mwenyewe siku nzima. Shilingi 160,000. Kiingilio cha msitu tunalipa wenyewe getini.

Hapo ndipo ile sentensi ikatoka. Tulimpiga bei kama tuko Kariakoo. Wa uchumi alileta hoja ya soko, wa sheria alileta hoja ya haki za raia, mimi nikaleta lafudhi ya bibi. Kijana akatusikiliza, akamwangalia dereva, akasema taratibu: "Sawa. Kwa 110,000 tutakwenda." Tukagongeana mikono.

Siku ile ilikuwa nzuri, sitadanganya. Alitupeleka Irente kwa njia iliyonyooka, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na chini yako, karibu mita elfu moja, kuna nyika inayokwenda hadi macho yanapochoka. Unaona mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari, unaona barabara kuu iendayo Arusha, na mabasi makubwa yaleyale yanayotutisha barabarani yanatambaa kama sisimizi. Tukapiga picha za kutosha semista nzima. Tukarudi mjini, akatuonyesha majengo ya enzi za Wajerumani, walioupa mji huu jina la Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Maelezo yake yalikuwa mazuri, lakini yalitoka kama kaseti, kitu alichokwisha kukisema mara mia. Saa nane mchana akatushukuru na kusema tumemaliza.

Tukashangaa. Saa nane? Mbona uliahidi siku nzima? Magamba iko wapi? Mtae iko wapi? Wa uchumi akaanza kupandisha sauti.

Kijana hakubishana. Alichukua karatasi, akaandika, na karatasi ile ninayo hadi leo ndani ya daftari langu. Upande wa kushoto safari ya kwanza: gari, dereva na mafuta hadi Mtae 90,000, chakula cha watu sita 30,000, ofisi 10,000, yeye 30,000. Jumla 160,000. Upande wa kulia safari tuliyoinunua: gari kwa mzunguko wa karibu 70,000, ofisi 10,000, yeye 30,000. Jumla 110,000. Akasema: "Mimi nilichokuwa nipate ni kilekile. Nyie mmepunguza bei, mimi nimepunguza safari. Nilidhani mmeelewa."

Ndugu msomaji, nimekaa kwenye mihadhara mingi, lakini somo la uchumi lililoniingia vizuri ni lile la nyuma ya karatasi. Tulidhani tumepunguza faida ya mtu. Kumbe tulichokata ni msitu wetu wenyewe, Mtae yetu wenyewe, na sahani za akina mama wa Lukozi ambao hata hatukuwaona. Hao ndio waliolipia ujanja wetu, na hawakuwepo wakati tunapatana bei.

Jioni tukabishana chumbani. Wa uchumi alishikilia kwamba tumedhulumiwa, kwamba kijana alipaswa kusema wazi tangu mwanzo. Ana hoja, na nitairudia. Yeye akaamua kurudi Dar. Tukabaki watatu. Dada wa sheria akasema: "Tumekuja kilomita zote hizi, tulipe tuone." Kwa kuwa mtu mmoja alipungua, chakula kikashuka hadi 25,000 na jumla ikawa 155,000. Kila mmoja akatoa elfu hamsini na mbili, na ile elfu moja iliyozidi ikanunua karanga.

Niwaambie tulichokinunua.

Magamba tuliingia ukungu ukiwa bado umekaa kwenye miti. Mbega walikuwa juu, weusi wenye mabega meupe na mikia kama mashungi, wanaruka mti hadi mti bila haraka. Kijana akasimama kwenye mti mmoja mkubwa, akachuma jani lake, akalisugua na kutunusisha. Lilinukia kama karafuu maiti. "Huu ni mkulo," akasema. Mimi nikaduwaa, kwa sababu mti huo ninao kwenye nukuu zangu kwa jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis. Niliuandika kwenye mtihani na nikapata maksi zake. Jina lenyewe linaitaja Usambara, jamani, na mimi nilikuwa nimesimama chini yake sijui ni nini.

Akaniuliza, baada ya kusikia ninasoma jiografia: kwa nini huku ni ukungu na kule Mkomazi ni kukavu? Nikamwaga: upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, milima inauinua, unapoa, mvua inanyesha upande huu, upande wa pili unabaki mkavu. Na safu yenyewe, Tao la Mashariki, vipande 13 vya milima kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Akasikiliza hadi mwisho. "Vizuri," akasema, "sasa nionyeshe upepo huo hapa." Nikaangalia huku na huku. Akanishika bega na kunizungusha: kwenye magome ya miti, ile mimea laini ya kijani ilikuwa imejaa upande mmoja kuliko mwingine. Akasema huo ndio upande unakotokea unyevu. Nilichokuwa nimekikariri miaka miwili kilikuwa kimeandikwa kwenye kila mti, na nilihitaji mtu wa kunigeuza nikione.

Akatusimulia pia habari ya lile ua dogo la zambarau la Usambara ambalo huko Ulaya na Marekani watu wanaliweka kwenye vyungu madirishani. Mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu zake. Ua likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia, likazalishwa na kuuzwa dunia nzima, wakati huku kwenye asili yake linahitaji msitu wa kivuli ambao unazidi kupungua. Dada wa sheria akauliza: "Na Wasambaa walipata nini?" Kijana akacheka: "Sisi tulipata kusimulia." Tukatembea kama dakika tano hakuna aliyesema kitu.

Hapo nikagundua tofauti. Jana tulipewa kaseti ya wageni. Leo hapakuwa na kaseti, kwa sababu tulikuwa na muda, gari halikuwa na haraka, na tulikuwa tunauliza. Mgeni wa Ulaya anaweza kulipa mara tano ya hela yetu na bado asipate mazungumzo yale, kwa kuwa yalikuwa ya Kiswahili, yenye utani ndani yake, yanayojua kwamba wote tumeimba wimbo mmoja wa taifa mstarini.

Lukozi tulikula ugali, maharage na mboga za majani zilizochumwa asubuhi hiyo. Nje malori yalikuwa yanapakia kabichi, karoti na viazi vya kuteremka Mombo. Wa uhasibu akasema kwa sauti kitu ambacho sote tulikuwa tunakifikiria: zile karoti za kwenye pilau ya kantini huenda zinatoka hapa, na hatukuwahi kujiuliza. Nikamlipa mama wa chakula mkononi mwangu mwenyewe. Nilikumbuka kwamba jana nilimfuta kwenye hesabu bila kumjua.

Tulipoanza tena kupanda, gari likasimama kwenye kona yenye uwazi. Ng'ambo kulikuwa na miteremko iliyolimwa hadi juu. Kijana akatuuliza kama tunajua habari ya matuta. Hatukujua. Akaeleza kwamba miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza ilileta mpango wa kuhifadhi udongo, ukianzia bonde la Mlalo, halafu ukapanuliwa Usambara. Watu walilazimishwa kulima kwa matuta kwenye miteremko ile, na asiyefanya alitozwa faini. Wanaume wengi walikuwa wametoka kutafuta vibarua, kwa hiyo jembe lile la amri likaangukia mikono ya wanawake. Watu wakapinga, mgogoro ukakua, na chama cha TANU kikapata wafuasi wengi huku kwa sababu ya hasira ile. Kabla hata ya uhuru mpango ukawa umeachwa. Akatupa na maneno mawili ya wazee: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kwa Wasambaa, akasema, mtawala alipimwa kwa hayo mawili.

Kisha akanigeukia. "Wewe uliniambia bibi yako wa wapi?"

"Mlalo."

"Alizaliwa mwaka gani?"

Nikakadiria. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, alikuwa na miaka themanini na kitu.

"Basi aliyaona," akasema. "Hakukusimulia?"

Bibi aliishi na sisi Mbagala miaka kumi ya mwisho. Alikuwa anakaa barazani kwenye mkeka, anachambua mchele, na mimi napita na simu masikioni. Mara kadhaa alinyoosha mikono yake na kusema mikono hii imelima mawe. Nilidhani ni msemo wa wazee. Sikuwahi kumuuliza mawe gani. Alipofariki wakampeleka kuzikwa Mlalo, na mimi sikwenda, nilikuwa na mtihani.

Sikuwajibu kitu pale kwenye kona. Wenzangu walielewa, wakaenda kupiga picha mbali kidogo.

Mtae tulifika alasiri. Kijiji kimekaa kwenye ukingo kama ndege kwenye ukuta. Huku milima inaisha, kule chini tambarare ya Mkomazi inaanza na kwenda hadi Kenya. Wanasema siku ikiwa safi kabisa unaiona na Kilimanjaro. Sisi hatukuiona. Tulikaa tu pale na upepo wetu.

Sasa nije kwenye hoja, maana najua mhariri hakunipa kurasa hizi nisimulie likizo yangu.

Ninachosema ni hiki: mwanachuo akienda milimani, achukue mwongozaji wa pale, kwa siku nzima, kikundi kidogo, na alipe bei anayoambiwa baada ya kuuliza ndani yake kuna nini. Zipo hoja za kupinga, na nyingine nimezitumia mwenyewe.

Ya kwanza ni hela. Hatuna, bumu linachelewa, tunakula wali maharage siku saba. Kweli. Lakini elfu hamsini na mbili ile niliyotoa kwa siku ya Mtae, nimeshawahi kuitoa kwa tamasha moja la muziki, kiingilio na usafiri wa usiku, na sikuomba bei ya wenyeji getini. Pale tunalipa kimya kimya kwa sababu kuna geti na mabaunsa. Mwongozaji hana geti, ana maneno tu, ndiyo maana tunamwona ni wa kupunguza. Kama huna kabisa, subiri, changeni watu wanne au watano, au mwambie ukweli: "Tuna kiasi hiki, siku ya kiasi hiki inafika wapi?" Hilo ni swali la heshima. Bei inaweza kuwa ndogo na mpatano ukawa safi.

Ya pili ni ile yangu: ni nchi yangu, nitatembezwaje kwetu? Nimeshajibiwa na mama wa shamba la kabichi. Nchi kuwa yako ni jambo moja na kuijua ni jambo lingine. Hata hadithi ya Wasambaa wenyewe inasema Mbegha, mwindaji aliyeanzisha utawala wa Wakilindi pale Vuga, alikuwa mgeni aliyetoka Unguu. Alikubalika kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao na akagawa nyama. Hakuja na kitambulisho cha ukoo. Wenyeji unatafutwa, na mlango wake mmojawapo ni kukubali kuongozwa.

Ya tatu ni utapeli. Huyu nampa rafiki yangu wa uchumi nafasi yake. Wapo vijana stendi wanaokurukia na bei za kichwani, hawana ofisi, hawana kitambulisho, na ukishalipa huwaoni. Na hata mwongozaji wetu, kwa haki kabisa, alipaswa kutuambia kabla ya kuondoka kwamba safari ya 110,000 haifiki Magamba. Nilipomwambia hivyo siku ya pili, alikubali. Akasema amezoea kwamba akianza kueleza mchanganuo, Watanzania wenzake wanaondoka wakidhani anawazungusha, kwa hiyo huwa ananyamaza na kukata safari. Mnaona tulipofika? Sisi tunapunguza bila kuuliza, wao wanakata bila kusema, halafu kila mtu anarudi nyumbani akisema mwenzake si mwaminifu. Dawa yake haina ugumu: pita kwenye ofisi, omba kuona kitambulisho, na mwambie akuandikie kwenye karatasi gari ni kiasi gani, chakula ni kiasi gani, na yeye ni kiasi gani. Anayeijua kazi yake hataona aibu kuandika.

Ya nne ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatuhusu kama wasomi. Tunaamini maarifa yanalipiwa yakiwa na muhuri. Ada ya chuo tunalipa, kopi za nukuu tunalipa. Lakini mtu aliyetumia miaka kujua kila mti wa msitu mmoja, aliyekaa na wazee kuwauliza habari za matuta, huyo tunamwona ni kijana wa kutuonyesha njia tu, na njia si ipo kwenye simu? Simu ingenifikisha Mtae. Isingenisimamisha kwenye ile kona. Na sisi wenyewe, hasa wa ualimu, mwakani tutakuwa mtaani tunatafuta mtu wa kuyalipia maarifa yetu. Sijui tutakuwa na uso gani wa kudai bei kamili.

Kwa hiyo nina ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kila mwaka mnaandaa safari. Tunajazwa basi la watu sitini, spika nyuma, fulana zimechapwa, soda zipo, tunafika kwenye maporomoko tunapiga picha dakika arobaini tunaondoka. Fulana moja ya safari inakaribia gharama ya mwongozaji kwa kichwa. Mwaka huu jaribuni kuziacha fulana. Gawanyeni watu vikundi vya wanane au kumi, kila kikundi na mwongozaji wake wa palepale, na fungu lake liwe kwenye bajeti tangu mwanzo, lisiwe la kubembelezana kando ya basi. Na kama chuo chako kiko Morogoro, Uluguru iko nyuma ya hosteli. Kama kiko Mbeya, Rungwe iko pale, na Kitulo na maua yake haiko mbali. Sio lazima uje Usambara.

Nimalizie na siku ile. Tulipokuwa tunarudi kutoka Mtae, giza linaanza, tukafika kwenye panda ya barabara. Kijana akamwambia dereva apunguze mwendo, akaninyooshea kidole kushoto. "Mlalo ni kule," akasema. "Leo tumechelewa. Lakini ukija siku nyingine nitakupeleka, tutauliza kwa wazee kaburi liko wapi."

Likizo ijayo naenda. Nimeshaweka akiba ya siku nzima ya gari, ya chakula, ya ofisi na yake. Sitaomba bei ya wenyeji. Nikitoka kule, labda nitakuwa nimeanza kuustahili.